Acheni Kufua Pama

Kuna imani imeenea kutoka Mombasa hadi Mbeya, kwa mama nyumbani, kwa dobi wa mtaani, na siku hizi kwa kila mwenye simu ya kurekodia video: kofia ya pama ikishika jasho, dawa yake ni beseni. Iloweke, itie sabuni ya unga, isugue palipo na mstari wa jasho, isuuze, ianike juani. Ikitoka ukingo umelegea, watu husema ilikuwa ya bei ya chini. Ikitoka imebana hata haipiti kwenye paji la uso, husema ni ya Kichina. Lawama huenda kwa kiwanda, kwa muuza mitumba, kwa mtoto aliyeianika vibaya. Kwenye beseni haifiki kamwe.

Mimi nalishitaki beseni. Pama ya felti haifuliwi, haikutengenezwa ifuliwe, na anayeifua ili kutoa doa la jasho huharibu kofia na kuliacha doa lenyewe, mara nyingi likiwa limetanda kuliko mwanzo. Najua nasema haya mbele ya watu waliolelewa kuamini kwamba usafi ni maji. Nami nimelelewa hivyohivyo. Malezi hayo ni mema kwa mwili, kwa sahani na kwa shuka. Kwa felti hayafai.

Tuelewane kwanza ni kofia gani. Za ukindu hazimo, wala za turubai, wala za jinzi. Nazungumzia zile nzito kidogo, za sufu au manyoya yaliyoshindiliwa, zenye kichwa kilichobonyezwa na ukingo unaozunguka. Wazee wa Nyeri na Murang'a huzivaa wakienda kanisani. Wanunuzi wa ng'ombe huzivaa kwenye minada ya Manyara na Arusha. Wafugaji wa Ankole na wa milima ya Kivu Kusini huzivaa hivi kwamba mtu mzima akisimama mbele ya mifugo bila fimbo na kofia huulizwa kulikoni. Nyingi hutufikia ndani ya marobota ya mitumba, zikiwa tayari na jasho la mtu mwingine wa nchi nyingine, na hapo beseni hupata kisingizio chake kikubwa: nani atavaa jasho la mtu asiyemjua bila kulifua? Swali hilo nitalijibu, lakini si kwa beseni.

Imani hii haikuzuka kwa ujinga. Pwani tuna kofia za viua, za pamba nyeupe, zinazoshonwa kwa mkono kwa subira ya wiki nyingi. Hizo hufuliwa. Hufuliwa kwa sabuni, husuuzwa, hutiwa wanga, huvishwa kwenye kitu cha mviringo ili zikauke na umbo lake, zikarudi kama zilivyotoka kwa mshonaji. Mwenye kofia ya viua asiyeifua ni mchafu, na hilo halina mjadala. Basi aliyekulia Lamu au Unguja akikuta pama ina doa, mkono wake huenda kwenye sabuni kabla akili haijauliza kitu. Maarifa yake ni sahihi kabisa, ila ni maarifa ya pamba, na ameyapeleka kwenye nywele.

Kwa sababu felti ni nywele. Haikusokotwa wala haikufumwa; ukiitazama kwa lenzi huoni uzi unaokwenda wala unaorudi. Ni sufu ya kondoo, au manyoya ya ndani ya sungura, na kwa zile za bei ya juu kabisa manyoya ya biva, mnyama wa mito ya Amerika ya Kaskazini, yaliyonasana yenyewe kwa yenyewe. Unywele wa sufu umefunikwa magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, yote yakielekea upande mmoja. Ukiulowesha kwa maji ya moto na kuusukumasukuma, magamba hukamatana na ya jirani na hayaachii. Unywele unaweza kusogea mbele. Kurudi nyuma hauwezi. Hivyo ndivyo felti inavyoundwa: joto, unyevu na msukumo. Kiwandani, koni kubwa na nyepesi ya manyoya, kubwa kuliko kofia yenyewe mara kadhaa, hubanwa kwa njia hiyo mpaka inywee na kuwa nzito, ndipo huvutwa juu ya kalibu ya mbao ikapata umbo la kichwa cha binadamu.

Sasa nitajie vilivyomo ndani ya beseni la kufulia. Joto, unyevu, msukumo. Anayeisugua pama kwenye maji ya vuguvugu anaendeleza kazi ya kiwanda kuanzia pale kiwanda kilipoamua inatosha. Kofia haikusinyaa kwa ubovu. Imesinyaa kwa kuwa ni felti ya kweli. Ile uliyoifua mara kwa mara na haikubadilika hata kidogo ndiyo ya kutiliwa shaka. Huenda ni poliesta, na mwenye nayo aendelee kufua, sina ugomvi naye.

Halafu kuna kile kinachoufanya ukingo usimame. Sufu peke yake ni laini, haiwezi kukaa bapa dhidi ya upepo. Watengenezaji wa kofia kwa miaka mingi wameikaza kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wa Asia, uleule ambao mafundi seremala huupaka kwenye fanicha ing'ae. Muulize seremala huuyeyusha kwa kitu gani. Kwa spiriti. Yule basi anayekushauri upanguse doa la jasho kwa spiriti anakushauri uyeyushe kile kinachoisimamisha kofia. Shelaki huyeyuka pia kwenye maji yenye magadi, na sabuni ya unga ya kufulia nguo imetiwa magadi kwa makusudi, kwa kuwa husaidia kung'oa uchafu kwenye pamba. Sufu yenyewe haistahimili magadi: nywele ni protini, na magadi huzikausha na kuzidhoofisha hadi zikawa ngumu na za kukatika. Mtu anaitoa pama kwenye beseni, anaiona imekakamaa hapa na kulegea pale, anastaajabu. Hakuna la kustaajabia.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakatia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa imetoka kiwanda kingine. Dawa hiyo haing'arishi sufu. Huigeuza manjano, kisha huiyeyusha. Asiyeamini achukue uzi wa sweta la sufu halisi na uzi wa pamba, avilaze vyote viwili ndani ya dawa hiyo bila kuichanganya na maji, arudi baada ya saa kadhaa. Uzi wa pamba atauona. Wa sufu atautafuta.

Mpinzani wangu aliye makini ataniuliza: mbona mvua haiziui? Mchungaji wa milimani hunyeshewa masika nzima na pama yake bado iko kichwani. Hii ni hoja nzuri, naiheshimu kuliko ile ya "sisi siku zote tunafua". Jibu ni kwamba sikusema maji ni sumu ya felti. Nimesema joto, maji na msukumo vikikutana. Mvua ni ya baridi, haina sabuni, hulowesha kofia yote, hakuna anayeisugua, nayo hukauka ikiwa bado juu ya kichwa, yaani juu ya kalibu. Hata hivyo mwenye kofia hiyo aitazame kwa karibu masika ikipita. Mstari mweupe uliokuwa umejificha chini ya utepe utakuwa umepanda juu yake. Mvua haikuiua kofia, lakini doa ililihamisha.

Na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi huu, maana wanaofua hawajajiuliza doa la jasho ni kitu gani.

Jasho ni maji kwa asilimia 99 hivi. Maji hayo huruka. Hubaki chumvi, na vitu vingine kidogo kama urea. Juu yake huja mafuta, ambayo hayatoki kwenye tezi za jasho. Hutoka kwenye tezi nyingine zilizo kwenye mashina ya nywele, na paji la uso na ngozi ya kichwa ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi hizo kwa wingi. Kwa hiyo madoa ni mawili. Lililo jeupe, la ungaunga, lenye mpaka unaopindapinda, ni la chumvi. Lililo la giza, linaloteleza kwa kidole na kung'aa kidogo ukiliinamisha kwenye mwanga, ni la mafuta, likiwa limeshika vumbi la barabarani, na kwa baadhi yetu likiwa limeongezewa mafuta ya nywele ya dukani ambayo tunayapaka asubuhi kisha tunalilaumu jua. Chumvi huyeyuka kwenye maji. Mafuta hayayeyuki. Anayetumia dawa moja kwa yote mawili ameshindwa kabla ya kuanza.

Jasho huingilia ndani, kwenye ukanda unaogusa paji la uso. Felti hulinyonya, nalo husafiri kwenda nje na juu likitafuta pa kutokea. Linapofika kwenye mpaka wa palipolowa na palipo pakavu, maji huruka na chumvi hubaki hapohapo kwenye mpaka. Wakazi wa nyumba za mawe za pwani wanalijua jambo hili bila kufundishwa: chumvi hupanda ndani ya ukuta ikachanua juu, mbali na palipoanzia unyevu. Ukilidondoshea maji doa la pama na kulifuta kwa kitambaa, unalipa chombo cha kusafiria. Litahama, litapata mpaka mpya, na mpaka huo utakuwa mpana zaidi. Kila aliyefanya hivyo ameona duara jipya kesho yake, akasema maji ya bomba yana chumvi. Chumvi ilikuwa yake mwenyewe.

Nakubali jambo moja. Ukiizamisha kofia nzima na kuisuuza kwa maji mengi, chumvi itatoka kweli. Itatoka pamoja na umbo, na mafuta yatabaki.

Watu walioishi na felti kwenye joto kali kabla yetu walikwishalimaliza suala hili. Tarabushi nayo ni felti. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa dola ya Uthmaniya aliifanya vazi rasmi la watumishi wake, nayo ilivaliwa pia Misri na Sham, na hata Unguja. Baadaye Wabelgiji wakawavisha tarabushi nyekundu askari wa Force Publique huko Kongo. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Kairo na kuchapisha mwaka 1836 kitabu kuhusu desturi za Wamisri, alieleza vazi la kichwa la mwanamume wa mjini kwa mpangilio wake: kwanza kikofia cha pamba kinachobana kichwa, ambacho hubadilishwa mara kwa mara, kisha tarabushi, kisha kitambaa cha kilemba. Kairo ya Julai ina joto kuliko Dodoma. Wale watu walitoka jasho. Lakini pamba ndiyo iliyogusa ngozi, pamba ndiyo iliyonywa jasho, na pamba ndiyo iliyokwenda kufuliwa. Tarabushi ilibaki kavu. Ilipopoteza umbo ilipelekwa kwa fundi akaivisha kwenye kalibu ya shaba na kuikandamiza kwa joto, na mafundi wa kazi hiyo wameendelea kuwapo Kairo, mtaa wa al-Ghuriya, hadi karne hii. Hakuna aliyeipeleka mtoni.

Hilo ndilo ninalolidai, wala sijalibuni mimi: fueni pamba, felti iacheni kavu.

Mvaa pama wa leo hahitaji hata kikofia kizima. Kipande cha fulana kuukuu ya pamba, upana wa vidole vitatu, kikunjwe mara mbili na kuchomekwa nyuma ya ukanda wa ndani, upande wa paji la uso. Kisishonwe wala kisigundishwe, maana kazi yake ni kutoka. Jioni kitolewe, kifuliwe kwa sabuni yoyote uitakayo, hata kwa Jik, na kesho kiwekwe kingine. Mwenye kipara aongeze kipande cha utosini, kwa kuwa kwake hakuna nywele za kulizuia jasho njiani. Kisha kuna kitambaa cha mkononi, ambacho wazee wetu hawakuwa wakikibeba kwa urembo. Pama ivuliwe unapoketi kivulini, paji la uso lifutwe, ukanda ufutwe, irudi kichwani. Ni mambo madogo na hayauziki, ndiyo maana hayamo kwenye video.

Ukanda wenyewe una siri yake. Kwenye pama nzuri ni wa ngozi. Kwenye za bei nafuu ni wa kitambaa au plastiki. Wa ngozi huzuia jasho kwa muda, lakini ngozi iliyolowa ikikaushwa juani husinyaa na kujikunja, na hii ni sababu nyingine ya pama "kubana" ambayo watu hawaishuku. Ukifika nyumbani upindue ukanda utoke nje, uilaze pama chali, kichwa chake chini na tundu juu, mahali penye kivuli na upepo. Ukiiweka kwa ukingo, uzito wake huunyoosha ukingo na unyevu hukosa pa kutokea. Kuiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni kuioka. Kwa Njombe au Nyeri, ambako mtu hatoki jasho jingi, kuipumzisha usiku mmoja hutosha. Kwa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ambako hewa imejaa unyevu, usiku mmoja hautoshi; mwenye kuvaa pama kila siku huko awe na mbili azipokezane, la sivyo baada ya jasho atapata kuvu.

Upo upande wa pili wa wapinzani wangu, nao ni wachache lakini wana kelele. Hawa hawafui na hawazuii. Husema doa ni nishani ya kazi, kwamba kofia isiyo na jasho ni ya mtu asiyefanya lolote, na huwataja wachunga ng'ombe wa Marekani. Mfano wenyewe unawaelemea. John B. Stetson, aliyefungua kiwanda chake Philadelphia mwaka 1865, alipata jina kwa kofia ya malishoni iliyodumu kwa sababu manyoya yake yalikuwa mazito na yaliyobanwa vizuri. Hakuna jasho lililoipa nguvu hiyo. Chumvi iliyokaa ndani ya felti huvuta unyevu, huikausha ngozi ya ukanda hadi ikapasuka, na kulifanya eneo la paji la uso liwe gumu na la kuvunjika. Na kuna nondo wa nguo. Kiluwiluwi chake hula sufu, na hupenda zaidi sufu iliyoshika jasho na mafuta ya mwili kuliko iliyo safi. Mwenye kujivunia nishani hiyo aitundike kabatini mwaka mmoja, kisha ahesabu matundu.

Sasa pama ambayo tayari ina doa. Kwanza iache ikauke kabisa, hata kama ni siku kadhaa, kwa sababu kinyume cha mafunzo yote ya nyumbani, hapa ukavu ndio unaosafisha. Chumvi kavu ni unga, na sehemu kubwa yake hutoka kwa brashi laini peke yake. Piga kuelekea yalikolala manyoya. Mafundi wa kofia huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Brashi ya pama nyeusi isitumike kwa pama ya rangi ya maziwa. Kilichobaki kitoe kwa mvuke: chemsha birika, shika pama mbali kidogo na mdomo wake, izungushe ili mvuke uguse eneo lote la mbele na usiishie kwenye doa, sekunde chache tu, kisha brashi tena. Nasikia mtu akicheka: mvuke si maji na joto? Ndiyo. Lakini hauna msukumo, na unyevu wake ni mdogo mno kuibeba chumvi kwenda mbali. Ukiuzidisha utapata alichopata mwenye beseni, na stahili yako.

Mafuta hutolewa kwa kitu cha kuyanyonya. Kwa pama ya rangi nyepesi, wanga wa mahindi, ule mlaini mweupe wa kukazia mchuzi, au wanga wa muhogo, umwagwe kwa wingi juu ya doa, ukandamizwe kwa vidole, uachwe hadi asubuhi, ndipo upigwe brashi. Doa halitaisha kwa mara moja, litafifia, rudia. Kwa pama nyeusi wanga huacha ukungu mweupe unaosumbua kutoka, kwa hiyo tumia nyama ya mkate mweupe iliyokauka kidogo, uisugue taratibu kwa mizunguko midogo mpaka igeuke rangi. Msasa laini kabisa, ule wa kumalizia mbao, huondoa tabaka la juu lililogandamana, ila mkono uwe mwepesi: unachokikwangua ni kofia. Limau liache jikoni. Asidi yake inaweza kuitoa rangi ya felti, na utakuwa umebadilisha doa la giza kwa doa la mwanga.

Doa la mafuta la miaka mingi halitoki nyumbani, na anayekuahidi vinginevyo ana kitu anakuuzia. Mafundi wa kofia wa Ulaya na Marekani hung'oa utepe na ukanda, kisha huichovya felti kwenye nafta, kiyeyusho kisicho na maji. Watu wetu wamechukua nusu ya somo hilo wakatumia petroli ya kituoni. Mantiki yao ni sahihi, mafuta huyeyushwa na mafuta, lakini mvuke wa petroli hutambaa sakafuni, na ukikuta jiko linawaka umechoma nyumba kwa ajili ya kofia. Drai klina nao wana viyeyusho vinavyofaa. Tatizo ni kwamba wengi wao hawana kalibu za kofia, na mashine inayobingirisha suti itaibingirisha pama. Uliza kabla ya kuacha. Akikosa kalibu, ondoka na kofia yako.

Onyo moja kwa wenye pama za babu. Kofia za manyoya ya sungura za zamani ziliandaliwa kwa zebaki. Wafanyakazi wa viwanda vya Danbury, Connecticut, walitetemeka mikono kwa sumu hiyo, na Marekani ilikomesha matumizi yake kwenye felti mwaka 1941. Mabaki yake yanaweza kuwa bado yamo ndani ya manyoya. Hizo zisitiwe mvuke wala zisipigwe brashi chumbani. Zikae kwenye sanduku kama kumbukumbu.

Na jasho la yule mtu usiyemjua, aliyeivaa pama hiyo kabla haijaingia kwenye robota? Kilichogusa ngozi yake ni ukanda wa ndani. Ung'oe. Fundi viatu mwenye sindano nzuri atakushonea mwingine wa ngozi laini, na hapo utakuwa umeondoa kile ambacho beseni lingekisambaza. Wanaoogopa chawa wajue kwamba chawa wa kichwa hufa ndani ya siku chache akikosa damu, na robota limekaa baharini kwa muda mrefu kuliko huo. Mbegu za fangasi ni ngumu zaidi, nazo ndizo sababu ya kusema ukanda ung'olewe wala usipanguswe tu. Wauzaji wa mitumba wanaozichovya pama kwenye ndoo ya maji ya sabuni ili zionekane mpya huuza kofia iliyosinyaa ikiwa na ukanda uleule wa zamani. Mnunuzi auinue ukanda, atazame chini yake, na akikuta duara pana jeupe lenye mpaka unaopindapinda ajue ndoo imepita hapo, atake punguzo au aende kibanda cha pili.

Kwa madobi wa mtaani nina ombi. Mteja akileta pama, mwambieni ukweli kwamba kazi hiyo si yenu, mpokee vitambaa vyake vya ndani na kumrudishia kofia. Mtapoteza ujira wa kofia moja, na mtaepuka kulipa kofia ya mtu. Na kwa wauza pama, wa mnadani na wa dukani: kila kofia mnayoiuza itieni ndani vipande vitatu vya pamba, mwonyesheni mteja pa kuvichomeka, na mwambieni afue hivyo tu.